Mama Ijja na Mlango wa Ghala la Ighir

Ndugu, majirani na nyote mliopanda mlima huu tangu alfajiri, assalamu alaykum. Mimi ni Bihi, kifungua mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake, nanyi mnivumilie.

Mama yetu, Ijja binti Lahsen, alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 hapa Ighir, chini ya ghala la ngome lililojengwa na mababu karne nyingi zilizopita, kila ukoo na chumba chake cha shayiri, mlango mmoja kwa wote. Shule ilifika kijijini akiwa tayari na watoto, kwa hiyo alisomea kwa baba yake, mlinzi wa ghala, aliyemfundisha kukandika paa kwa udongo kabla ya mvua na kutuliza ugomvi, maana mle ndani hata mahasimu husalimiana.

Tarehe 12 Septemba 1965 aliolewa na marehemu baba yetu, Hmad, aliyeshika ufunguo baada ya babu, wakajaliwa mimi na dada yangu Tuda. Baba alifariki Mei 1988, wanaume tukiwa tumehamia Casablanca kwenye maduka yetu, Mama akaurithi ule ufunguo wa mti. Wazee walisema ghala hufa siku shayiri ya mwisho inapotoka, nasi tukahamisha yetu ukoo baada ya ukoo, akabaki yeye. Mwaka 2009 wataalamu wa mambo ya kale walipoomba vyumba viachwe vitupu wageni watazame, aliwamiminia chai, akacheka: "Pimeni mnavyotaka, wanangu, ila shayiri ibaki. Panya wakihama, paka wangu watakula nini?"

Novemba iliyopita alianza kuugua ini, nikamleta kwangu Casablanca, na kila jioni ilibidi nimpigie simu Tuda, aliyebaki hapa na ufunguo, ili Mama amuulize mwenyewe.

"Umefunga mlango, we Tuda?"

"Nimefunga, Mama. Lala."

Alifariki tarehe 9 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na kifo chake bado kinaniuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba jeneza kwenye utelezi, na wenzangu waliofunga maduka wakaja.

Jana Tuda alifungua ghala kutafuta nafaka ya sadaka, akakuta kila chumba, hata vile tulivyovitelekeza, kina kapu la shayiri ya shamba la Mama, mpya, ya mavuno ya mwaka jana. Kwa hiyo hakuna hapa ambaye chumba chake ni kitupu. Tuda atabaki na ufunguo, nasi, mavuno yakifika, kila mmoja alete shayiri yake, maana ile ya Mama tumeazimwa tu.

Lala kwa amani, Mama. Mlango umefungwa.