Filamu ya Watu Arobaini

Kahawa ilipomiminwa tu, Dobi akajua leo hatapona. Benchi lile mbele ya duka lake la kufulia lina sheria moja: mwenye ndugu kwenye kesi hana sauti. Na kesi ya leo ni ile filamu ya saa tatu waliyoitazama jana, iliyotengenezwa na binti yake mwenyewe, jambo ambalo hapo kijiweni hakuna aliyelijua. “Baba, wasikilize wenzako,” binti alimwambia. “Wakisema mbovu, naacha, narudi kupiga pasi nawe.” Roho ya Dobi ilikuwa juujuu.

– Watu arobaini kwenye filamu moja! alianza Spana, fundi pikipiki. Ukimzoea huyu, analetwa yule. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hata mpini hawakushikishwa!

– Lakini wanaigiza, bwana, alisema Kinyozi. Yule mama mkwe pale harusini? Nililia mpaka nikaona haya.

– Hukulia, ulichoka kukaa.

– Siri ya hao arobaini naijua, alisema Kinyozi. Mtengenezaji ana ukoo mkubwa, kila shangazi alitaka kuonekana. Damu nzito kuliko maji!

Dobi akakohoa. Mashangazi walikuwa wawili tu.

– Ukoo wapi! Zile ni filamu sita, Spana alisema. Zilichanganyika, wakaziunga hivyohivyo, kama nilivyoiunga injini ya yule muuza nyama.

– Si iligoma?

– Iliwaka kwanza! Haya, tupige kura. Mbovu au si mbovu?

Dobi alishika kikombe kwa mikono miwili. Hapo akafika nesi mmoja, kafuata sare zake, akawasikia.

– Samahanini, kaka zangu, nami niliitazama jana. Yule kipofu aliyekuwa akimngoja dada yake kituoni, walikutana?

– Walikutana, Spana akajibu haraka.

– Wapi? Kinyozi akadakia. Dada si alipita ng'ambo ya barabara na mzigo kichwani?

– Alisimama!

– Kusimama ndiyo kukutana?

– Alimwita kabisa! Au… hakumwita?

Hakuna aliyejua. Spana akajikuna kidevu.

– Lazima walikutana, akasema polepole. Siwezi kulala hivi. Jioni wanaionyesha tena?

– Na kura?

– Kura gani! Hujui dada wa watu kaishia wapi, unapiga kura?

Dobi aliingia dukani mbio, akapiga simu.

– Mwanangu, huku kwenye pasi usirudi. Nafasi hakuna.