Kiingereza cha Kumsalimia Aline

Mheshimiwa Diwani wetu. Mchungaji Moses, ambaye leo umeketi mstari mmoja nami kwa kuwa sote ni wahitimu. Mzee Abbasi, mwenye duka na mwenye ua huu tuliojibanza miezi kumi na moja katikati ya marobota ya vitenge. Wazazi na majirani. Wanafunzi wenzangu mliotoka Rungwe Mpya kwa baiskeli, na ninyi wa hapahapa Kasulu mjini mliochelewa kuliko wa Rungwe Mpya. Na wewe Mwalimu Shadia, ambaye Jumatatu unapanda basi kwenda Kibondo kwenye kazi yako mpya: amahoro, amani iwe kwenu, na salamu zetu nyingi.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya darasa. Nadhani wamenichagua kwa sababu nina miaka sitini na nne na hakuna atakayethubutu kuniambia nikae chini. Kwa wasionifahamu, naitwa Niyonsaba, mkulima wa maharage, Kagerankanda. Kirundi nilizaliwa nacho, Kiha nimekiokota kwa majirani, Kiswahili nilikifuata ukubwani, na mnasikia wenyewe jinsi kinavyonichenga. Sasa mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye darasa la Kiingereza? Tena si Kiingereza cha shule, bali kile cha vijiweni, cha mkato, wanachozungumza vijana wasiokuwa na muda?

Nilimfuata mjukuu wangu, Aline.

Binti yangu Vestina na mumewe Reverien walipopata nafasi ya wakimbizi ya kuhamia Marekani, mimi nilikwisha kuwa raia wa Tanzania, nina shamba, nikabaki. Aline akazaliwa huko. Alipofikisha miaka saba mama yake akafariki, nikamlilia mwanangu kwenye simu na kaburi lake sijaliona mpaka leo. Sasa mtoto ana miaka kumi na minne. Kila Jumapili baba yake hunipigia, tunazungumza Kirundi chetu, kisha humpa simu mtoto. Mimi natoa sentensi yangu ya kitabuni, ndefu, ya heshima, "I am very well, thank you, and how are you?" Mtoto anajibu, "I'm good." Simu inarudi kwa baba. Nimewahi kuhesabu: sekunde arobaini. Reverien amejitolea mara nyingi kututafsiria, lakini niambieni ninyi mliolea, ni binti gani wa miaka kumi na minne atakayesema ya moyoni kwa kupitia mdomo wa baba yake?

Ndipo nikasikia kwamba binti wa Mzee Abbasi, aliyefanya kazi ya ukalimani kwenye kambi ya wakimbizi miaka sita, anafundisha Kiingereza cha mazungumzo nyuma ya duka. Siku ya kwanza Mwalimu Shadia alituambia, "Cha kitabu mnacho. Mimi nitawapa cha mdomoni." Na kweli alitupa, yemwe, jamani, mambo ya ajabu! Alitwambia kwamba mtu anayekwenda kufanya jambo zito mbele za watu hutakiwa heri kwa kuambiwa avunjike mguu. Mchungaji Moses akafunga daftari. Akasema hilo hatalitamka, na hajalitamka mpaka leo. Alitwambia kwamba jambo jepesi huitwa kipande cha keki. Ndugu yetu Ndayisaba, fundi baiskeli, akataka kujua kwa nini keki, maana yeye keki ameila mara mbili tu maishani, zote harusini, na mara zote mbili aligombania. Tukacheka sana, lakini Mwalimu akatugeuzia kibao. "Na ninyi mkisema fulani amepiga moyo konde, Mzungu akiwauliza aliupigia nini, mtamjibuje?" Nilirudi Kagerankanda siku hiyo nikiyasikiliza maneno yangu mwenyewe kama ya mtu mgeni, na raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Lakini swali langu lilikuwa moja, na nililibeba kwa miezi. Kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri. Nyumba iungue, atasema nzuri. Kisha anavuta pumzi, anasema "ila". Nzuri, ila jana tumezika. Hatujambo, ila mama amelazwa. Hata Mheshimiwa Diwani, mkimuuliza habari za barabara ya Kagerankanda, atawaambia nzuri, ila. Ndiyo, chekeni, naye anacheka! Basi siku moja nikanyoosha mkono nikauliza: Mwalimu, huyu mtoto ananiambia yuko vizuri kila Jumapili, na mimi nasubiri "ila" yake kila Jumapili, haiji. Hawa wenzetu "ila" yao wanaiweka wapi?

Mwalimu Shadia angeweza kunidanganya, nami nisingejua. Badala yake alisema, "Bibi, miaka sita nimewatafsiria watu na sijawahi kulifikiria hilo. Sijui. Twende tukaulize." Wazazi, mnajua ni walimu wangapi wanaweza kusema sijui mbele ya darasa? Mimi nilimpenda kuanzia saa ile.

Tukapewa kazi ya nyumbani. Kila mmoja amtafute mtu wa Kiingereza, amwambie "What's up?", kisha asubiri. Ndayisaba akampata mhandisi wa visima aliyeleta tairi kuzibwa. Akamuuliza, yule bwana akajibu yuko vizuri. Ndayisaba akamkazia macho tu, anangoja. Yule bwana akajipapasa mifuko, akadhani amedondosha pochi. Ndayisaba akamuuliza tena. Yule bwana akachukua baiskeli yake akaondoka. Alifika mpaka kona ya pili, akarudi, akasema kusema kweli ana siku nne mke wake hajapokea simu yake, naye hajui kuna nini. Akaketi kwenye kigoda cha Ndayisaba akaeleza yote. Nusu yake Ndayisaba hakuielewa, lakini aliitikia vizuri. Tulipoletewa habari hiyo darasani nilipiga vigelegele. Kumbe nao wanayo!

Jumapili iliyofuata nilikaa na simu yangu tangu nilipotoka kanisani. Aline akapewa simu. Nikamwambia, "What's up?" Akashtuka, akacheka kidogo, akasema yuko vizuri. Hapo Mwalimu alikwisha kutuonya kwamba salamu hiyo hutupwa mara moja tu, kama unayempita mtu njiani. Mimi nikasahau. Nikaianza ya kwetu, ile ya kuizunguka nyumba nzima. Shule? Baridi? Chakula? Baba? Mtoto anaitikia, anacheka, naona mambo yanakwenda, na mdomo nao ukaendelea wenyewe kama unavyoendelea kila asubuhi nikikutana na mtu kisimani. Nikauliza: "What's up your mother?"

Ndugu zangu. Nilimsalimia yatima habari za mama yake. Na mama huyo ni mwanangu mimi, nimemzaa mimi.

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwa na Kiingereza cha kuomba msamaha kwa jambo kama hilo, wala Mwalimu hajakifundisha. Nikangoja niisikie sauti ya Reverien. Haikuja. Nikaanza kusikia mtoto analia, na katikati ya kilio akasema maneno mengi kwa haraka, nikadaka matatu: mama, sauti, sikumbuki. Yaliyobaki nilikuja kuyaelewa baadaye: picha anazo. Sura anaikumbuka. Sauti ya mama yake imemtoka, na alikuwa akiona aibu kumwambia yeyote, hata baba yake.

Sasa nifanye nini? Nieleze sauti ya mtu kwa Kiingereza cha miezi saba? Waliomfahamu Vestina wanajua alikuwa akicheka kama mimi, ile ile, ya kupanda juu na kukatika. Nikajaribu kucheka. Ikatoka ya bandia, nani anaweza kucheka huku analia? Ndipo nikamkumbuka Vestina ana miaka kumi na miwili, mbuzi ameingia kanisani, anakula karatasi za mahubiri ya Mchungaji Moses, na Mchungaji anaendelea kuhubiri huku anavutana naye. Yule mtoto alicheka mpaka akatolewa nje. Samahani, Mchungaji, lakini nilicheka. Nilicheka kicheko chenyewe.

Aline akaacha kulia. Kisha akasema, "Again." Nikacheka tena. "Again, Grandma." Ego, ndiyo, nilicheka mpaka salio likaisha upande wa Marekani.

Mwalimu Shadia, watu watakusifu leo kwa vyeti ishirini na sita, na vyeti ni vizuri, nitakiweka changu ukutani. Mimi nakusifu kwa sababu ulikubali kutafuta pamoja nami jambo ambalo hukulijua. Kibondo wamepata mtu.

Nina ombi la mwisho, Mheshimiwa, kisha nitaketi. Aline ananipigia mwenyewe siku hizi, bila baba yake. Ameniambia kicheko hakitoshi. Anataka kujua mama yake alivyosema "njoo", alivyoita mtu wa mbali, alivyogombana sokoni, alivyoimba vibaya. Humu ndani wapo waliomjua. Mchungaji, wewe ulimbatiza. Dada Tunu, uliuza naye vitunguu miaka minne na mligombana miaka mitatu. Msiondoke. Simu yangu hii hapa juu ya meza, inarekodi. Njooni mmoja mmoja mseme alivyosema, kwa Kiha, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote, iigeni sauti yake hata kama mnaona haya. Mwalimu amekubali kuyatafsiri yote kabla ya basi la Jumatatu, kwa Kiingereza kile cha mtoto.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Dada Tunu, anza wewe.