Kokushubila Rwezaura, Askari Aliyeitwa Padri

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo wengi wenu mnamfahamu kama Mama Adelina, fundi cherehani wa Temeke aliyewashonea watoto wenu sare za shule. Marehemu Kokushubila Rwezaura alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Minziro, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Rwezaura na Mama Paskazia. Alibatizwa mwaka huohuo. Kaka yake, Mzee Revelian, ndiye yule aliyeketi pale mbele.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Alipenda hesabu, na kwa mbio hakuna mvulana aliyemweza. Hakuendelea na sekondari kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, akabaki nyumbani kumsaidia mama yake shambani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 vita vya Kagera viliwakuta huko. Familia ilikimbia kusini na kuvuka mto kwa mtumbwi. Mzee Rwezaura alirudi nyuma kufungua ng'ombe zizini, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Katika msukosuko ule Revelian, aliyekuwa ameshapata mafunzo ya mgambo, alivunjika mguu. Mgambo walipoitwa kwenda mstari wa mbele, Kokushubila alikwenda kujiandikisha kwa jina lake mwenyewe. Aliambiwa mabinti watabaki nyuma wapike. Akarudi kambini kwa wakimbizi, akamwomba mama yake wembe.

Mama Paskazia alimnyoa huku machozi yakimtoka. "Kama ni kwenda, nenda," alimwambia. "Baba yako hana mwingine wa kumtafuta. Ila urudi, mwanangu. Urudi ukiwa binti yangu."

Kesho yake alisimama mstarini akiwa na shati na jina la kaka yake. Alijifunga kifua kwa kitambaa na kuongea kwa sauti ya chini. Wenzake walipokwenda kuoga mtoni, yeye alijitolea kulinda silaha. Walipopiga soga za wasichana, alijifanya anasali. Hapo ndipo wakambatiza jina la Padri, na wengine wakawa wanakuja kweli kumweleza shida zao. Alikuwa akisimulia kwamba alizijua siri za wanaume wa kikosi kizima, na hakuna aliyeijua yake.

Rafiki yake mkubwa kule alikuwa Fransis, kijana wa Mahenge. Katika mapigano ya njiani kuelekea Masaka, Fransis alipigwa risasi ya paja. Kokushubila alimbeba mgongoni kupita kwenye kinamasi hadi kwa waganga wa jeshi, akarudi kwa wenzake, na kabla jua halijatua kipande cha bomu kikampata begani. Mganga alipolichana lile shati, siri ikafika mwisho. Kamanda aliitwa.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Mgambo Revelian, afande."

"Nakuuliza jina alilokupa mama yako."

"Kokushubila, afande."

Kamanda akavua kofia. Alimwambia kwamba habari ile ikijulikana wote wawili, yeye na kamanda, watawajibishwa, kwa hiyo atarudishwa nyumbani kama majeruhi mwingine yeyote. Ndivyo ilivyokuwa. Amani iliporudi, medali ilitolewa kwa jina la Revelian. Mzee Revelian hakukubali kuivaa hata siku moja. Kila alipoalikwa kwenye maadhimisho alijibu kwamba jasho lile si lake, na watu wakadhani vita vimemchanganya akili.

Mwaka 1981 marehemu alifunga ndoa na Daniel Rugaimukamu, mfanyakazi wa bandarini, wakahamia Temeke. Kabla ya harusi alimweleza mchumba wake kila kitu na kumwonyesha lile kovu. Daniel akasema, "Basi mie nikisikia mwizi, nakuamsha wewe." Waliishi kwa kicheko hicho hadi Daniel alipofariki mwaka 2009. Walijaliwa mabinti wawili, Adelina na Kokuberwa, ambao hawakuambiwa lolote. Mama yao aliona hakuna atakayesadiki, na hakutaka waitwe watoto wa mwongo.

Mwaka 2012 alikuwa soko la Tandika akivutana bei na muuza vitambaa. Mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama nyuma yake, akasikiliza, kisha akaita, "Padri!" Kokushubila aligeuka kabla hajajizuia.

"Padri," alisema Fransis, "umevaa gauni?"

"Nimevaa, Fransis. Kanzu ya upadri ilinibana."

Walikumbatiana katikati ya watu, wakalia kama watoto. Fransis alimsindikiza nyumbani akawasimulia mabinti, naye Adelina, kwa mara ya kwanza, alimwomba mama yake amwonyeshe bega. Fransis na Revelian walizunguka ofisi kadhaa kutoa ushahidi, wakajibiwa kwamba kumbukumbu hazibadilishwi. Marehemu aliumia, lakini hakuridhika kuumia tu. Alianza kusimulia mwenyewe, kwanza kwenye jumuiya ya kanisa, kisha popote alipoalikwa. Siku moja Bibi Mwamvita wa Mbagala alimfuata na kumwambia, "Dada, na mie nilikuwa huko. Wakiniita Mbwana." Baadaye akaja Bibi Bupe. Mwalimu Naima, anayefundisha historia, aliwakaribisha shuleni kwake, na wanafunzi wakazirekodi sauti zao. Msichana mmoja aliuliza, "Bibi, hukuogopa?" Marehemu akamjibu, "Niliogopa kila siku, mjukuu wangu. Na wanaume nao walitetemeka, mie nikiwaona."

Tangu mwaka 2023 alisumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo. Alihudumiwa na mabinti zake hadi alipoaga dunia nyumbani kwa Kokuberwa, Kipawa, tarehe 9 Mei 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka yake.

Ameacha kaka mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na marafiki zake Fransis, Mwamvita na Bupe, ambao wataweka shada la kwanza. Mwalimu Naima anasema tangu msiba utangazwe, wanawake wengine wawili wamempigia simu. Wanataka na sauti zao zisikike. Mjukuu wake mkubwa, Loveness, anaripoti kwenye mafunzo ya jeshi mwezi ujao. Bibi alimshonea begi la safari, akawahi kulimaliza.

Mungu amjalie pumziko lenye amani, na nuru yake isimzimikie.