Kompyuta Iliyovaa Kitenge

Kijiwe cha Mama Godelieve kiko pale barabara ya vumbi inapopinda kuelekea mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi: benchi moja refu, meza ya mbao, birika la kahawa, na watu ambao hawajawahi kukosa jibu. Asubuhi hiyo, katikati ya vikombe, palikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya kisanduku kizito na skrini yenye mgongo, imeletwa kwa toroli. Mwenyewe, tata, yaani mzee, Mukalay, karani mstaafu ambaye kijiweni anaitwa Archive, alikaa ubavuni mwake kama mtu aliyempeleka mgonjwa zahanati.

Kesho yake binti yake Joyeuse alikuwa anaolewa na Dimitri, na aliloomba kwa baba lilikuwa moja tu: sauti ya mama yake isikike kanisani. Marehemu Adèle alirekodiwa akiimba sebuleni kwake, na wimbo huo umo ndani ya kompyuta hii, kwingine haupo. Kila Mukalay akijaribu kuuhamishia kwenye clé USB, mashini inanguruma kidogo, halafu inazimika. Tangu amzike mkewe hajaweza hata kuusikiliza mpaka mwisho; mashini humkatikia njiani.

Aliyeamuru iletwe kijiweni ni Tshibangu, fundi umeme wa zamani wa mgodini, jina lake la benchi Voltage.

— Mi nilikwambia, Archive. Ni courant ya kwako. Kule ku mines bakiwasha mashini yabo, kwako inabakia mabaki tu.

Kwa Mama Godelieve umeme unatoka laini nyingine, na Voltage alikuja na régulateur yake mwenyewe ya kutuliza umeme. Mukalay akainua pindo la kitenge kwa vidole viwili, akabonyeza kitufe, akalishusha. Maana kompyuta ile ilikuwa imevaa. Adèle aliishonea vazi la kitenge cha bluu, lenye kamba ya kukaza chini, kuikinga na vumbi jekundu la Kolwezi, na tangu afariki hakuna aliyethubutu kulivua. Hata kwenye toroli ilikuja na nguo yake.

Wimbo ukaanza kuhama. Kahawa ikamiminwa. Voltage akatembea mikono nyuma kama bwana mkubwa anayekagua kazi. Kisha mashini ikazimika.

Mechack akakohoa. Yeye ni muuza mitumba, na benchi linamwita Prophète kwa sababu hutabiri mambo yakishatokea.

— Haiko courant. Ni cobalt. Cobalt njo banatia mu batterie, ao? Sasa madini hiyo iko mingi chini yetu hapa. Inavuta nguvu ya mashini. Ndugu anaita ndugu yake.

— Na téléphone yako, cobalt haiivute? Voltage akauliza.

— Téléphone iko mu poche, Prophète akajibu, akigonga mfuko wake. Haiione.

Wakabishana hadi majirani wakachungulia, lakini mwishowe kisanduku kikapandishwa juu ya kreti mbili za bia ili kiwe mbali na cobalt. Mara hii kilizimika mapema zaidi.

Prophète akashusha sauti.

— Archive, usikasirike. Mama Adèle, ulimwambiaka kama mutoto anaolewa?

— Nilienda ku kaburi yake. Nilimwambia.

— Alijibu nini?

Swali hilo ndilo lililomnyima Mukalay usingizi wiki nzima, akaona haya kulisema. Yeye mwenyewe alimpenda Dimitri, lakini Adèle hakuwahi kumwona kijana huyo. Kama mama anakataa, yeye ni nani wa kumpeleka binti mbele ya padri? Akamtazama Voltage, ambaye haamini kitu kisicho na waya, akitumaini atacheka. Voltage hakucheka, na Mukalay akaogopa kweli.

Ndipo akaja mwanamke mgeni, Noëlla, aliyehamia mtaani juzi juzi akitokea Kisenge. Jua la Oktoba lilikuwa limeshapanda. Akaagiza kahawa, akamshusha mtoto mgongoni, akamvua sweta iliyolowa jasho. Kisha akaiangalia kompyuta.

— Tata, samahani. Hii nayo iko inasikia baridi?

Mukalay akapenyeza mkono chini ya kitenge na kuutoa mbio. Kisanduku kilikuwa kinaunguza, na matundu yake ya kutolea joto yote yamezibwa na kitambaa.

Akafungua kamba taratibu na kulivua vazi, akimwomba mkewe radhi kimoyomoyo. Voltage akasema jambo hilo alilishuku tangu mwanzo, na hakuna aliyemjali. Wakaipepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka ikapoa, wakawasha. Wimbo ukahama wote.

Mukalay alitaka kuhakikisha, akaufungulia. Sauti ya Adèle ikatoka kwenye spika ndogo, ikapita pale ilipokuwa ikikatika, ikafika ubeti wa mwisho. Wimbo ukaisha. Kiti kikasikika kikisogea, halafu Adèle akasema, karibu kabisa:

— Papa Joyeuse, imeisha. Zima kwanza, ipoe, kisha njo niivalishe kitenge yake.

Mukalay alicheka huku machozi yakimtoka, na mzigo wote wa wiki ukamshuka mabegani. Hakuna aliyekataa kitu.

— Alisemaka, akawaambia. Mi njo sikusikia.

Mama Godelieve akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mukalay akaizima mashini, akakunja kitenge mapajani, akangoja ipoe.