Sahani ya Peke Yake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na waliowahi viti vya mbele, asifiwe na sisi tunaoingia wimbo wa tatu. Naitwa Sesilia, fundi wa kompyuta hapa Nachingwea mjini. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na kiburi changu, akaniachia mama yangu akiwa hai.

Mama anaishi Nkowe, kule Ruangwa, na ana kisukari. Daktari alimwambia apunguze ugali, ale kwa kipimo na ameze dawa kila siku. Mimi nikajiona ndiye jibu. Nikatengeneza programu ya simu ya kuandika kila mlo, nayo inahesabu kalori za siku nzima. Nikaingiza ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, hata korosho. Mama asipovuka kipimo, inatoa rangi ya kijani na neno hongera, akizidisha, inalia. Nilijivuna, wapendwa! Hata kumwombea nilipunguza, maana nilikuwa namwona kiganjani.

Tatizo likawa moja. Mama na shangazi yangu Adelina, yaani wifi yake, wanakula sahani moja tangu baba afariki. Programu ikiuliza amekula kiasi gani, mama hajui. Sahani ni ya wawili. Nanyi mnajua, kwetu anayekula peke yake huulizwa amegombana na nani. Nilijua hilo, nimezaliwa humo. Lakini nikamwamuru mama ajipakulie sahani yake, akae kando, ili nipate hesabu safi. Shangazi akanipigia kunitania kwamba simu yangu imempa talaka. Nikacheka, nikakata.

Wiki tatu, kijani tupu. Nikawa nawaonyesha watu, nasema mama yangu ni mtiifu kuliko wagonjwa wote wa Ruangwa.

Asubuhi moja shangazi akapiga tena, na safari hii hakutania. "Sesi, mama yako haitiki. Tunampeleka zahanati." Nikafungua programu: kijani. Hongera. Nikakodi bodaboda, na njia nzima nikatafuta maneno ya sala nisiyapate. Mwisho nikasema tu, "Bwana, mimi nimeshindwa, mshike wewe." Ilikuwa sala yangu ya kweli ya kwanza kwa muda mrefu.

Akamshika! Nilipofika mama alikuwa amefumbua macho, shangazi anamnywesha uji kwa kijiko. Muuguzi akanieleza kwamba sukari haikupanda, ilishuka. Dawa alikuwa anameza, lakini chakula alikuwa hali cha kutosha. Nikamuuliza mama mbona aliandika kila mlo. Akanijibu kwamba hakudanganya; aliandika matonge mawili kwa sababu alikula matonge mawili.

"Kuhesabu niliweza, mwanangu," akasema. "Kula ndiko kulikonishinda. Chakula cha peke yangu hakishuki."

Nililia mbele ya muuguzi. Kengele ya kula sana niliiweka, ya kula kidogo sikuikumbuka kabisa. Nilimkinga mama na ugali, nikamnyang'anya mtu wa kula naye. Mchana ule shangazi alipoleta chakula nilinawa, tukala watatu sahani moja, na mama akala.

Ile programu nimeibomoa, nimeijenga upya. Muuguzi amenisaidia kupanga kipimo kwa matonge, maana hata kwenye sahani ya wawili kila mtu anaweza kuhesabu ya kwake. Yakiwa machache inalia kwa mama na inalia kwangu. Na swali la kwanza si la kalori tena. Inauliza: Leo umekula na nani?

Jana mama alijaza hivi: "Matonge manane. Na wifi. Tumecheka sana." Sehemu ya kucheka sikuitengeneza mimi, ameiandika kwenye nafasi ya mboga.

Namshukuru Mungu, na mbele yenu namwomba radhi shangazi yangu. Ndugu zangu, kama kuna mtu wako unayemlinda kwa akili zako tu, mkabidhi Bwana leo. Mwamini! Yeye anaona hata pale skrini inaposema hongera. Kisha funga simu, nenda kwa huyo mtu wako, unawe mikono, ule naye.