Bi Asli Doyo, Aliyetafuna Buna kwa Niaba ya Wazazi

Jumapili tarehe 31 Desemba 1967, Bi Asli Doyo atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia wodi ya wazazi ya zahanati yetu hapa Garissa kwa miaka ishirini na miwili. Serikali inasema ametimiza umri wa miaka hamsini na mitano. Yeye husema alizaliwa mwaka ule ngamia walipokula paa za nyumba kwa njaa, na kwa kuwa karani aliyemwajiri hakupata pa kuandika ngamia, akakisia.

Alifika kutoka upande wa Wajir akiwa na ufagio, maana kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Baada ya muda mfupi wakunga wakagundua kwamba akina mama waliokuwa wakipiga mayowe hunyamaza akiingia yeye, basi ufagio ukapewa mtu mwingine. Kisomali alikijua, Kiborana alikinyonya, na Kiswahili alikiokota sokoni. Kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwake alimsemesha kwanza kwa Kiborana, awe wa kabila lolote. Ukimuuliza sababu, atakwambia Kiswahili watakikuta ofisini. Sisi sote tunamwita Eddo, shangazi, hata bwana tabibu ambaye ni mtu wa Murang'a.

Wageni wa wilaya yetu hawana budi kuelezwa kuhusu buna. Buni, yaani punje za kahawa, hukaangwa nzima nzima katika samli mpaka zipasuke, zikatafunwa polepole huku dua ikisomwa, na samli inayobaki hupakwa kichwani na mikononi. Mwanamke akijifungua, jirani humletea buna na kumwombea. Kuikataa ni kukataa dua yenyewe, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayethubutu. Eddo Asli, kwa ukarimu wake, alikuwa na kikopo chake cha buna chini ya meza ya wodi, na hakuna mama aliyetoka hapa bila kutafuna.

Mwanzoni mwa mwaka 1966, vita vya serikali na mashifta vikiwa vimepamba moto, familia kadhaa za wafugaji zilikuwa zimekusanywa pamoja kwa amri karibu na Balambala, ndani ya ua wa seng'enge. Lori la zahanati lilikwenda huko mara moja kwa wiki pamoja na msafara wa askari, na Eddo hakukosa. Huko ndiko alikomzalisha Maryan, mke wa Yarow, mtoto wake wa kwanza, msichana aliyeitwa Timiro. Eddo akampa mama buna ya kwanza kwa mkono wake, akarudi Garissa amefurahi.

Safari iliyofuata alikuta balaa. Timiro alikuwa halali. Alilia, akatetemeka, akanyonya kidogo, akalia tena, macho makavu yamekodoka. Maryan alikuwa amekonda na kuanza kumwogopa mwanawe mwenyewe. Mama mkwe wake, Fatumo, mwanamke mwema ambaye alikwisha kuzika wajukuu wawili, alikuwa amekata shauri.

"Maziwa ya mama yake naharibika," alimwambia Eddo. "Mtoto nakunywa, nalia. Kesho natoa kwa titi, nakunywa kobo."

Kopo lenyewe, la maziwa ya unga, lilikuwa limekwisha kununuliwa dukani. Na maji ya kuyakorogea yalikuwa yale ya mto Tana, mekundu, ambayo kuni za kuyachemshia sawasawa hazikutosha, kwa kuwa zilikuwa nje ya seng'enge. Eddo alikuwa ameona watoto wa kopo wakiletwa kwetu wakiharisha, na alikuwa amewafunga sanda wengi wao. Aliomba apewe wiki moja tu. Fatumo akakubali, shingo upande.

Bwana tabibu alipoelezwa habari hiyo, aliuliza mama anakunywa nini. Akafafanua kwamba kahawa na chai huingia katika maziwa ya mama, kiasi kidogo hakina neno, lakini kikizidi humkosesha mtoto usingizi, kwa sababu mwili wa mtoto mchanga hukawia sana kuvitoa. Eddo alikasirika. "Mimi nalea watoto tano na buna," alisema, "wote nalala kama mawe."

Lakini alikuwa mtu wa kufikiri hasira ikipoa, na ndicho kitu nilichompendea siku zote. Kule malishoni alikowalea watano wake, jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku. Buna ilikuja mara moja, na pengine ya pili arobaini ikiisha. Kule Balambala majirani wote walikuwa ndani ya ua mmoja, wamekatazwa kutoka, hawana mifugo ya kuchunga wala kisima cha kwendea, na mtoto mchanga ndiye furaha pekee iliyopatikana. Basi walikuja wote, kila siku, na buna mkononi. Na kwa kuwa ngamia walikuwa mbali na maziwa yalikuwa adimu, Maryan aliteremshia buna hizo kwa chai ya turungi nyeusi kama wino, ambayo Fatumo alimpikia ili maziwa yaongezeke. Mtoto alikuwa akilishwa mapenzi ya kijiji kizima.

Tabibu alishauri Maryan awakatalie wageni. Eddo akacheka mpaka akashika mbavu. Alirudi Balambala na msafara uliofuata, akaliacha lori liondoke bila yeye, akaketi mlangoni pa Maryan. Mgeni alipofika, aliweka mkono juu ya kichwa cha mama na kusoma dua, na buna ikaingia kinywani mwa Eddo. Samli akapakwa Maryan. Baraka zilibaki nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Maryan aliachiwa kikombe kimoja kidogo cha chai asubuhi, mengine maji na uji.

Buna zilipomzidi, Fatumo mwenyewe alianza kumsaidia, ingawa moyo wake haukuwa umetulia. Siku zikapita na Timiro akaendelea kulia. Asubuhi moja Fatumo hakuweza kuvumilia tena, akaliendea kopo. Hakuliona. Eddo alikuwa amelikalia, na aproni imelifunika. Wanawake wawili wazima, waliokuwa hawajalala kwa sababu ya buna za watu, walitazamana kwa macho mekundu, kisha Fatumo akaketi chini akalia. Eddo akamwambia anajua anaogopa, na kwamba yeye pia anaogopa.

Kesho yake adhuhuri nyumba ikawa kimya. Kimya hicho kiliwatisha kuliko kilio. Fatumo aliingia, akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, akangoja. Kisha akatoka na kuwafukuza kuku, majirani na mwanawe Yarow, wote wasimwamshe.

Tangu hapo, kila mama anayejifungua kwetu huja na mtu wa kumlia buna, na asiyekuja naye hupewa mmoja wetu. Nimekula. Dereva Dagane amekula. Bwana tabibu amekula, na usiku huo akapanga upya kabati lote la dawa. Lawama ya ile buna ya kwanza Eddo hakumbebesha mtu. Huwasimulia akina mama wote, tena kwa majina, kwamba mkosaji wa mwanzo alikuwa yeye.

Tutamuaga kwa futari, kwa kuwa Ramadhani haijaisha, na seng'enge ya Balambala hivi sasa ina milango iliyo wazi. Maryan na Fatumo wameahidi kufika. Eddo, tutakukosa sana, na wodi itakuwa baridi bila wewe. Asante kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Mungu akufikishe salama kwa wajukuu zako Wajir, akupe afya na usingizi mnono.

Na jambo moja la mwisho, ambalo Maryan ameomba liandikwe hapa. Mwezi ujao wa Mfunguo Mosi, Timiro atatimiza miaka miwili kamili ya kunyonya, kama Qur'ani ilivyomwekea. Maryan anasema atamwachisha siku hiyo, na kwamba angependa mtoto awe amepakatwa na wewe.