Nani Aliyemfungulia Karani Maji?

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Unakaa watu watano wakibanana, na tangu juzi tulikuwa tunakaa wanne kwa nafasi, jambo ambalo halikumfurahisha mtu. Aliyepungua ni Karani. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na alipostaafu akajitia kwenye uvuvi ambao sisi hatujapata kuuelewa: anashuka mtoni, chini ya bwawa la umeme, amevaa suruali ya mpira inayomfika kifuani, anarusha mshipi wenye nzi wa bandia aliyemtengeneza kwa manyoya ya kuku na nywele anazookota sakafuni kwangu, anamnasa samaki aitwaye trauti, anamtazama, kisha anamrudisha majini. Jumanne alasiri alikuwa katikati ya mto king'ora cha bwawa kilipolia. Maji yakapanda kutoka magotini hadi kifuani, na bwana yule kasimama tu. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyemtupia kamba. Alitoka mzima, lakini mguu uliteguka, fimbo yake ya kuvulia ikaenda na maji, na leo Alhamisi alikuwa bado hajaonekana kijiweni.

Nilikuwa najaza maji kwenye birika la umeme ili nichemshe kahawa, mara Cheche akanishika mkono. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake inatazamana na duka langu.

— Usiwashe, akasema.

— Kwa nini?

— Ukiwasha wewe hapa, wao kule juu wanafungua maji.

— Nani kakwambia?

— Karani mwenyewe! Si alitufundisha hapahapa? Watu wakitaka umeme mwingi, mitambo inataka maji mengi, na maji yakishapita kwenye mitambo yanashukia mtoni. Sasa sikiliza. Juzi saa kumi nilikuwa nachomelea geti la shule. Nimegusa chuma tu, cheche ya kwanza haijadondoka chini, king'ora kikalia: wooo! Mimi nikajua ni mambo yao. Kumbe nilikuwa namzamisha mzee wa watu.

Hapo ndipo nikagundua kwamba tangu Jumanne sijasikia mlio kwake. Geti la shule lilikuwa limelala uani na bawaba moja.

— Kwa hiyo hufanyi kazi?

— Nitafanyaje? Mke wangu ananiuliza, umeme upo, wewe umekaa, kulikoni? Namwambia, mama, pengine kuna mtu mtoni.

Bi Pasi akacheka kwa pua. Huyu ni mama dobi wa pembeni, anayepiga pasi shuka zote za nyumba ya wageni, na hapendi kuona mtu mwingine akipewa umuhimu.

— Acha kujikweza, Cheche. Kamashine kako hako kafungue bwawa? Mimi juzi saa kumi nilikuwa na pasi tatu motoni. Tatu! Shuka arobaini. Kama kuna mtu aliyeyaita yale maji, ni mimi.

— Bi Pasi, hili si shindano, nikasema.

— Si shindano, lakini haki itendeke. Mimi nina pasi tatu, yeye ana waya mmoja.

— Waya mmoja unayeyusha chuma! Cheche akapaza sauti. — Pasi yako hata ndizi haiivishi!

Methali alikuwa anashona soli, akaweka msumari chini. Ni fundi viatu. Anajua methali zote za dunia hii. Tatizo lake ni mahali pa kuzitia.

— Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Karani alielea au hakuelea?

— Alielea.

— Basi kuna aliyeunda. Na mimi simo. Mimi natumia msumari na nyundo. Katika kesi hii mikono yangu ni myeupe.

— Redio yako je? akauliza Bi Pasi. — Ile inayoimba kutwa kama imelipwa?

— Ile ni ya betri.

— Na betri unachajia wapi?

Methali akanitazama mimi. Ni kweli, anachajia kwangu. Ikabidi niseme na mimi nilikuwa na mashine ya kunyolea mkononi, feni inazunguka, na birika linachemka kwa ajili yao wao wenyewe.

— Basi kahawa ndiyo iliyomzamisha, akasema Bi Pasi. — Tumemnywa Karani.

Birika halikuwashwa. Ndani kulikuwa na chupa ya chai yenye kahawa ya asubuhi, nikaenda kuileta. Ilikuwa vuguvugu na ilitoka vikombe vitatu na nusu. Ile nusu nikachukua mimi, maana mwenye nyumba hana haki.

— Lakini tuseme ukweli, akasema Cheche. — Umeme tumeutumia sote. Mbona yeye hakutoka? King'ora anakijua. Miaka tisa anavua pale. Mtu akisikia king'ora anatoka, labda awe amejichokea.

Neno hilo hakuna aliyelipenda. Bi Pasi akaligeuza haraka.

— Hakujichokea. Kuna mwanamke.

— Mtoni?

— Ng'ambo. Mwanamume mzima avae mpira mpaka kifuani, aoshe uso, achane nywele, ati anakwenda kumwona samaki? Samaki mwenyewe hamli! Wewe umeona wapi mtu anapika chungu, kikishaiva anakimwaga? Pale ng'ambo kuna mjane anafua nguo. Yule kila akirusha mshipi anasogea hatua moja. Miaka tisa anasogea. Juzi alikuwa amefika katikati, akaona kurudi ni hasara.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Methali. — Ndiyo maana hakukimbia.

— Methali hiyo ingemuua, bwana.

— Mimi nina habari nyingine, Methali akaendelea, akisogeza kiti chake cha kushonea karibu na benchi. — Ni wale samaki. Fikirini. Mtu anakuvua leo, anakuachia. Kesho anakuvua, anakuachia. Mdomo wako umejaa matundu kama kiatu cha mwanafunzi. Hutachoka? Samaki mkunje angali mbichi. Hawa hawakukunjwa, wakakomaa, wakapata akili. Wakahesabu saa za king'ora. Saa kumi kasoro wakamtuma mkubwa wao, akamuuma nzi wa Karani kwa makusudi, akamvuta polepole hadi kwenye kina. Wakamshikilia hapo, wanasubiri maji.

— Samaki wana saa? akauliza Cheche, na alikuwa anauliza kweli.

— Wanakaa chini ya bwawa la umeme. Watakosaje saa?

Tungefika mbali zaidi, lakini mtu alikuwa amesimama mbele yetu. Alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa ovaroli ya bluu na buti nzito, na mkononi alikuwa na fimbo ndefu nyembamba iliyovunjika ncha, imeviringishiwa majani ya mtoni. Akasalimu. Tukaitikia. Methali akaziangalia zile buti kwa jicho la biashara. Mgeni alipotaka kukaa mwisho wa benchi, Bi Pasi akaweka kiganja pale.

— Samahani, dada. Hapo pana mwenyewe.

— Basi huyo mwenyewe ndiye ninayemtafuta, akasema, akainua ile fimbo. — Dereva wa lori la mchanga ameniambia mvuvi hukaa hapa. Mimi natoka chumba cha mitambo, kule bwawani. Juzi zamu ilikuwa yangu.

Cheche akasimama. Alikuwa na uso wa mtu anayesomewa hukumu.

— Dada, niambie tu, nitavumilia. Ilikuwa ni mashine yangu?

— Mashine ipi?

Akamwonyesha karakana ng'ambo ya barabara, lile geti lenye bawaba moja. Akamweleza yote, cheche ya kwanza na king'ora. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

— Kaka yangu, umeme wetu unapita juu ya mapaa yenu, unakwenda mbali. Mtaa huu unalishwa na kituo kingine kabisa.

— Hata kidogo?

— Hata taa moja ya choo.

Cheche akakaa. Nilimwona akipumua kwa mara ya kwanza siku ile, halafu nikamwona akiudhika. Bi Pasi naye alikuwa amenuna.

— Kumbe bwawa letu, king'ora chetu, mtu wetu amezama, na umeme si wetu!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Methali. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, naye hakujua.

Yule mama akafuta fimbo kwa mkono wa ovaroli.

— Nilimwona kwenye kamera. Kanuni inasema king'ora mara moja, tena nusu saa kabla ya maji. Mimi nilipiga nusu saa kabla. Yuko palepale. Nikapiga tena. Yuko palepale, fimbo imepinda. Nikapiga ya tatu, na agizo la kufungua limeshafika. Nilikuwa naongea na kioo: mzee toka, mzee toka. Nikaona kamba inatupwa, halafu kamera ikajaa maji. Leo asubuhi fimbo imekutwa kwenye chujio la kuzuia takataka, pale darajani. Nataka nimpe mwenyewe, mkononi, nimwone kwa macho yangu kwamba anatembea.

— Hatembei, nikasema. — Mguu umeteguka.

— Basi nitakwenda kwake. Ni wapi?

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hakika kwamba najua.

— Ni kule, akasema Bi Pasi. — Kwenye geti jeusi.

— Geti jeusi ni la daktari wa mifugo, akasema Cheche. — Lile nimelichomelea mimi.

— Anatokeaga upande wa stoo za mbao, nikasema.

— Anatokea, lakini anaondokea upande wa shule, akasema Methali.

— Sasa analala wapi? akauliza yule mama.

Miaka tisa mtu huyu amekuja kwetu kila asubuhi. Tunajua anaweka sukari ngapi. Tunajua majina ya nzi wake wote wa bandia.

— Si neno, akasema yule mama. — Jina lake nani? Nitaulizia huko mbele.

Tukatazamana. Cheche akaangalia vidole vyake. Methali akaokota ule msumari aliouweka chini.

— Karani, nikasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

— Hilo ni jina au kazi?

Nilifunga duka. Bi Pasi akachomoa pasi zake, zote tatu. Tukamfuata yule mama wa mitambo barabarani, watu wanne wazima nyuma ya fimbo iliyovunjika, tukiuliza mlango kwa mlango. Aliyetusaidia ni muuza nyuzi na vifungo karibu na shule: mzee anayenunua uzi mwekundu na gundi? Chumba cha nyuma, ngazi tatu, mgonge kwa nguvu.

Tuligonga kwa nguvu. Alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa kitambaa na kuegeshwa juu ya mto. Kiti kilikuwa kimoja. Tukampa mgeni, sisi tukajipanga ukingoni mwa kitanda. Karani alitutazama kama anayetazama barua zisizo na stempu.

— Kijiwe kimehamia huku?

— Shikamoo mzee, akasema yule mama. — Mimi ndiye wa king'ora. Nilipiga mara tatu. Mbona hukutoka?

— Marahaba. Nilivihesabu. Cha kwanza nilikuwa na samaki. Cha pili nilikuwa na samaki. Cha tatu, samaki alikuwa na mimi.

Methali akatukanyaga miguu yetu sote, mmoja baada ya mwingine, kwa ushindi. Mama wa mitambo akamkabidhi fimbo, halafu akainama akafunga kamba za buti ambazo hazikuwa zimefunguka, akakaa hivyo kitambo.

Bi Pasi ndiye aliyethubutu. Alijikohoza.

— Ndugu yangu, usitucheke. Jina lako hasa ni nani?

Akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Akatuambia. Tukalirudia mmoja mmoja kama watoto wa darasa la kwanza. Cheche akalikosea, akasahihishwa, akalirudia tena.

— Haya, akasema Karani, akitupitishia macho kuanzia mwisho wa kitanda hadi mwisho. — Na nyinyi je?